Kwa aliyeuliza kuhusu asili ya maneno: wewe Kifaransa unacho tayari

Mdogo wangu, umeuliza hivi: uko Lubumbashi, umesomea Kifaransa tangu shule ya msingi, unakariri maneno ya Kiingereza kwenye kamusi na wiki ikiisha yote yameyeyuka, je, kufuata asili ya maneno kunasaidia, au ni mambo ya maprofesa? Mimi nashughulikia makaratasi ya forodha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, leo na mteja Mkongo, kesho na dereva Mzambia, na kwa niliyoyaona, kunasaidia. Tena kwetu kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam.

Mwaka 1066 William wa Normandie, jimbo la Ufaransa, aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa, maneno yake mengi yakaingia kwenye Kiingereza. Ndiyo maana karatasi ya forodha ya Kiingereza haikutishi: declaration, merchandise, value, origin. Hata customs ni ndugu wa coutume. Usikeshe ukiyakariri hayo.

Kesha ukiangalia yalivyobadilika sura. Ile kofia ya Kifaransa juu ya herufi mara nyingi imekalia kaburi la s. Waingereza walichukua neno s ikiwa hai. Wafaransa wakaacha kuitamka, na mwaka 1740 kamusi ya Akademia yao ya lugha ikaiondoa hata kwenye maandishi. Irudishe uone: forêt, forest, côte, coast, bête, beast, hôpital, hospital. Ile é ya mwanzo nayo huficha s: état, state, épice, spice, étude, study. Halafu kuna w. Wanormandi, watu wa yule William, walitamka w pale ambapo Paris walitamka g, ndipo guerre ikawa war, gardien akawa warden, garantie ikazaa warranty. Guillaume na William ni jina lilelile.

Ila ndugu wengine wamegeuka tabia. Délai ni muda uliopewa. Delay ni kuchelewa. Mwenzangu mmoja ofisini alisoma ujumbe wa delay ya siku tano akamwambia mteja, "Tumeongezewa siku tano." Mteja akashukuru! Na barua ya kuomba kitu usiianze na demand kwa kufikiria demander, maana hapo hauombi tena, unadai.

Kazi ngumu iko kwenye maneno mafupi ya madereva: get, hold, run, break. Hapo Kifaransa hakikufai, asili haikufai, ni muktadha tu. Dereva akipiga simu, "We broke down near Kitwe, waiting for a spare," break uliyoijua ni kuvunja, lakini mtu anayesubiri spea barabarani gari lake limeharibika. Spea ndiyo imekufasiria. Akisema "We ran out of diesel," hakuna aliyekimbia, mafuta yamekwisha.

Kwa hiyo daftari lako ligawe. Upande wa Kifaransa andika jozi tu, neno na ndugu yake. Upande wa maneno mafupi andika sentensi nzima, nani aliisema na gari lilikuwa wapi. Kamusi ifungue ukishakisia, na uchague inayoonyesha asili ya neno. Za bure kwenye simu zipo.