Nimejiandikisha kilomita 21, sasa naogopa

SWALI: Dada habari za kazi, mie nina miaka 38, kazi yangu ya kukaa ofisini tu, juzi wenzangu wamenishawishi nikajiandikisha Kilimanjaro Marathon ile ya Moshi, kilomita 21, na mi hata daladala ikinipita siwezi kuikimbilia. Imebaki miezi 5. Nijitoe?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Usijitoe mdogo wangu, miezi 5 inatosha ukianza wiki hii. Mie asubuhi yangu ya kwanza nilifika nguzo ya tatu ya umeme pumzi ikakata, nimeshika kiuno, muuza maandazi ananiangalia, lakini kesho yake nikatoka tena na nashukuru sana nilitoka.

Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia nusu saa nzima, mara 3 kwa wiki, halafu ongeza kidogo kidogo. Ukiona huwezi kuongea sentensi nzima ujue unakimbia mno, punguza. Na tafuta kilima ufanyie mazoezi, maana ile njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka na sisi wa Dar tumezoea tambarare, kurudi nako ni mteremko, magoti yanauma kwelikweli. Raba mpya usiende nazo siku hiyo, zizoee mapema. Kama una presha au kifua kinabana kapime kwanza, hapo sibishani na mtu.

Mwezi wa mwisho ukiona bado mwili unagoma, ipo ya kilomita 5, kimbia hiyo, ni Moshi ileile.