USDT Busia: kodi ni ya Kenya au ya Uganda?

Swali: Mambo mhasibu. Niko Busia upande wa Uganda, nanunua USDT (kripto, yaani sarafu ya kidijitali, inayofuata thamani ya dola) kwa Wakenya nawauzia wafanyabiashara wa huku wanaoagiza mali China. Rafiki yangu wa ng'ambo anasema Kenya wanakata 3% kila ukiuza na huku Uganda ni marufuku kabisa. Nifuate lipi?

Jibu: Poa ndugu. Huyo rafiki yako amebaki 2023. Ile 3% ilianza Septemba mwaka huo na iliwaumiza watu wa faida ndogo kama wewe, maana ilikuwa inakata thamani ya mzigo wote, si faida, yaani ukiuza USDT za shilingi 100,000 za Kenya ukabaki na faida ya 1,000, kodi yako ni 3,000, sasa hapo umefanya biashara gani? Waliifuta Julai 2025, siku hizi ni ushuru wa 10% kwenye ada anayotoza mwenye jukwaa la kuuzia kripto, ada ikiwa 500 ushuru ni 50 basi. Faida yenyewe KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) bado wanaihesabu mapato. Mwaka huohuo wakapitisha na sheria ya leseni, wasimamizi ni Benki Kuu yao na CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji).

Huku kwetu hamna sheria ya hivyo, ila hiyo "marufuku kabisa" ameongeza chumvi. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliandikia kampuni zenye leseni ya malipo zisisaidie watu kugeuza kripto kuwa pesa ya simu, mtu akaenda Mahakama Kuu, 2023 akashindwa. Waraka ulikuwa wa hizo kampuni, si wa mtu aliye na USDT zake. Lakini wewe unauzia watu kama kazi, na sheria ya utakatishaji pesa inataka watoa huduma wa kripto wajisajili FIA (mamlaka ya Uganda inayofuatilia pesa chafu), kwa hiyo muone wakili kabla ya mambo mengine, mimi hilo linanitisha kuliko kodi.

Kodi ya kripto yenyewe URA (mamlaka ya kodi ya Uganda) hawana, wanatumia sheria ya mapato ya kawaida, na mkaazi wa Uganda anatozwa hata alichopata nje, so kununua Kenya hakukuokoi. Angalia hapa: biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 150 za Uganda kwa mwaka inatozwa kwa mauzo, mpaka uombe mwenyewe kutozwa kwa faida. Kwa USDT omba faida, na kila ukiuza andika tarehe, bei uliyonunulia, uliyouzia na ada, zote kwa shilingi za Uganda, la sivyo watakachoona ni pesa zinazoingia tu.