Swali la lugha: Lambda na Step Functions, zote ni "kazi za kiotomatiki"?

Swali: Ninaandika mwongozo wa huduma za wingu. Lambda na Step Functions, huduma mbili za AWS (wingu la kampuni ya Amazon), nimeziita zote "kazi za kiotomatiki zisizo na seva". Mhariri amekataa. Nizitofautisheje?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi. Neno "kazi" peke yake limebebeshwa mzigo mno. Lambda huendesha kitendakazi, yaani kipande cha programu kinachoamshwa na tukio. Step Functions huratibu mtiririko wa kazi wenye hatua kadhaa. "Zisizo na seva" nayo inapotosha, maana seva zipo, ila anazitunza mtoa huduma. Lieleze hilo mara moja mwanzoni, kisha uliache.

Zaidi ya majina, angalia vitenzi. Kitendakazi kinakaa vizuri na kiambishi cha sharti -ki-: "Picha ikipakiwa, kitendakazi hutengeneza nakala ndogo na kuiweka kwenye hifadhi nyingine." Hilo "nyingine" usilifute kwa kubana maneno. Nakala ikiwekwa katika hifadhi ileile inayosikilizwa, nayo huwa tukio jipya, kitendakazi kinaweza kujiamsha tena na tena, na bili ikapanda.

Mtiririko unataka mfuatano na njia panda: "Ombi hupokelewa, kisha hukaguliwa; likikubaliwa hulipwa, lisipokubaliwa hurudishwa." Wengi hapa huandika "likapokelewa, likakaguliwa". Hiyo -ka- ni ya kusimulia yaliyokwisha kutokea, kwa hiyo iweke kwenye kumbukumbu za mfumo, si kwenye maelekezo.

Kuna pia sentensi zenye sarufi safi zinazosema uongo. "Kitendakazi husubiri idhini ya meneja hadi kesho" haina kosa la kisarufi, lakini kwa kawaida Lambda hukata utekelezaji ukifika dakika 15. Anayesubiri ni mtiririko: ule wa aina ya Standard unaweza kudumu hadi mwaka 1.

Na "hurudia mara mbili" ina utata. Tukio lililotumwa Lambda bila mtumaji kungoja jibu, likishindwa kwa hitilafu ya programu, kwa chaguo-msingi hujaribiwa tena mara 2, jumla majaribio 3. Andika jumla hiyo waziwazi, kwa sababu msomaji anayeunda mfumo wa malipo lazima aweke ukaguzi wa namba ya muamala, la sivyo mteja atakatwa fedha zaidi ya mara moja.