Ukialikwa kwenye andiko la Horizon Europe, usikubali kuwa mjaza nafasi

Barua pepe ya kuwaalika kwenye andiko la mradi huwafikia wenzetu wengi wiki mbili kabla ya siku ya mwisho. Profesa wa Ulaya anasifu kazi zenu, anaomba namba ya PIC ya chuo (namba ya utambulisho wa taasisi kwenye mfumo wa Tume ya Ulaya), aya mbili kuhusu taasisi na jina la mtu wa kusaini. Kuhusu kazi yenu kuna maneno mawili tu, "kukusanya data". Kuhusu fedha, kimya. Wengi hujibu siku hiyohiyo kwa furaha. Mimi nimeshughulikia maandiko ya miradi chuoni hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na huwa najibu kwa maswali. Mratibu makini, yaani anayeongoza andiko hilo, hakasiriki kuulizwa.

Kwanza huuliza ni wito upi, yaani tangazo lipi la kuomba maandiko, kisha nausoma mwenyewe. Horizon Europe ndio mpango mkuu wa Umoja wa Ulaya wa utafiti na ubunifu kwa 2021 hadi 2027, na ulianza na bajeti ya takribani euro bilioni 95.5. Kila mada ina ukurasa wake kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya, na humo kuna sehemu mbili za kusoma kalamu mkononi: matokeo yanayotarajiwa, na mambo ambayo mradi lazima uyaguse. Baadhi ya mada zinataka au kuhimiza waziwazi washirika wa Afrika. Ukikuta sentensi hiyo, ujue una sauti mezani.

Hata isipokuwepo, taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za kipato cha chini na cha kati kwa kawaida zinaruhusiwa kupokea fedha hizi moja kwa moja. Ila kanuni ya kawaida ya muungano wa taasisi zinazoomba pamoja ni taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti, wanachama wa Umoja au nchi shirikishi (zisizo wanachama ila zina makubaliano ya kushiriki mpango huu), na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Sisi ni nyongeza juu ya hao. Kwa hiyo ukiitwa, si kwa ajili ya kutimiza idadi. Kuna kitu wanakihitaji kwako, na kazi yako ni kujua ni kipi kabla hujatoa hiyo namba ya PIC.

Sasa fedha, maana hapa ndipo watu wetu wanapopunjwa, mara nyingi bila hata nia mbaya. Uliza umewekwa kama nani. Mnufaika kamili anasaini mkataba wa ruzuku na anapata gharama zake. Mshirika asiye na ruzuku hapati hata senti kutoka Tume. Anajigharamia au anatafuta kwingine. Mkandarasi analipwa kwa kazi aliyopewa, basi. Ukishakuwa mnufaika, kuna asilimia 25 ya gharama zisizo za moja kwa moja: umeme, ofisi, mhasibu, intaneti. Inakokotolewa juu ya gharama za moja kwa moja ukiondoa ukandarasi, na haidaiwi risiti. Bajeti yenu ya moja kwa moja ikiwa euro 200,000, mnaongeza 50,000, jumla 250,000. Niliwahi kufungua jedwali la mratibu mmoja nikakuta safu hiyo imejazwa kwa washirika wote wa Ulaya, kwetu sifuri. Aliposikia, aliirekebisha siku hiyohiyo. Tusingeuliza, ingebaki sifuri.

Mhasibu wa chuo aingie mapema. Gharama ya siku ya mtafiti inatokana na mshahara halisi na stahili zake za mwaka, kwa kugawa kwa siku 215, na siku alizofanyia mradi lazima ziwe na kumbukumbu iliyosainiwa. Miito mingi siku hizi inatumia kiasi maalumu kinacholipwa fungu la kazi (sehemu moja ya mradi) likikamilika, hivyo uliza uko fungu gani na nani mwingine yumo. Mwenzako asipomaliza sehemu yake, malipo ya fungu zima yanayumba, yako yakiwemo.

Kwenye uandishi, watathmini wanatoa alama 0 hadi 5 kwa mambo matatu: ubora wa kisayansi, tija kwa jamii, na utekelezaji. Kwa kawaida kila kimoja kinahitaji angalau 3, na jumla 10 kati ya 15, ingawa kwa ushindani uliopo kumi ni ya kufariji tu. Wameagizwa kupima kilichoandikwa, si kile ambacho mradi ungeweza kuwa. Na sehemu ya tija ndiyo mahali pako. Rasimu ikija imeandikwa "wadau wa Afrika watanufaika", ifute. Andika wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ambao wengi ni wanawake, wanauza kwa nani, na matokeo yatawafikiaje kupitia vikundi vyao. Hayo profesa aliyeko Ulaya hawezi kuyabuni.

Vibali navyo viwekwe kwenye ratiba. Mradi wa afya hapa Tanzania utapita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), mtafiti mgeni atahitaji kibali cha COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi. Mratibu anayepanga kuanza kukusanya sampuli mwezi wa pili hajui hayo, na ukinyamaza, ripoti ya kwanza itachelewa kwa jina lenu. Mkataba wa washirika wenyewe kwa wenyewe (wengi hutumia kiolezo cha DESCA) mpe mwanasheria wa chuo asome kifungu cha umiliki wa data kabla ya kusaini.

Siku ya mwisho kwa kawaida ni saa kumi na moja jioni ya Brussels, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa kiangazi chao na saa moja usiku wakati wa baridi. Mfumo unaruhusu kuwasilisha tena na tena, na toleo la mwisho ndilo linalohesabiwa. Msukume mratibu aweke toleo la kwanza siku kadhaa kabla.

Na ukitaka kuyajua haya kwa ndani, jisajili kama mtathmini kwenye tovuti hiyohiyo ya Tume. Watu wa nchi zetu wanaruhusiwa, kazi nyingi hufanyika kwa mtandao, na inalipwa. Jaza maneno ya utaalamu wako kwa upana, si yale ya tasnifu yako peke yake, maana Tume huwatafuta watu kwa maneno hayo.