Muulize Mwalimu: Tumweke nani kizimbani kwa kifo cha Juliet?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa cha vijana hapa Igoma, Mwanza. Tunafanya mazoezi ya tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet kwa Kiswahili chetu wenyewe. Mwisho wa onyesho tutaigiza mahakama, na watazamaji watamhukumu aliyesababisha kifo cha Juliet. Shida ni kwamba sisi wenyewe hatuelewani. Wengi wanamtaka Padri Laurence kwa sababu ndiye aliyetoa dawa ya usingizi. Wengine wanasema Romeo. Wengine wanasema hakuna wa kulaumiwa, barua tu haikufika. Juzi mazoezi yalivunjika kwa ubishi. Tusaidie.*
*Katibu, Igoma*

Marahaba, mwanangu. Mimi ningemweka kizimbani mzee Capulet, baba mzazi, na mkewe ningemsimamisha kando yake. Padri naye ana kesi, nitaifikia, lakini siyo hiyo mnayomshtakia ninyi.

Kwa msomaji ambaye hakukutana na kisa hiki shuleni: katika mji wa Verona, Italia, koo mbili zina uhasama wa miaka mingi, Montague na Capulet. Romeo wa Montague na Juliet wa Capulet wanakutana kwenye karamu Jumapili usiku, na Jumatatu mchana Padri Laurence anawafungisha ndoa ya siri. Muda mfupi baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamuua rafiki wa Romeo, na Romeo anamuua Tybalt. Mtawala wa mji anamfukuza Romeo, naye anakimbilia Mantua. Wazazi wanataka kumwoza Juliet kwa mtu mwingine, basi Padri anampa dawa ya usingizi aonekane amekufa na alazwe kaburini, na anamwandikia Romeo barua aje amchukue akiamka. Barua haifiki; Romeo anadhani mkewe amekufa kweli. Wiki haijaisha, mume na mke wote ni maiti.

Juliet hajatimiza miaka 14. Mwingereza Arthur Brooke, ambaye shairi lake refu la mwaka 1562 ndilo Shakespeare alilolitumia, alikuwa amempa binti miaka 16, na mambo yake yakaenda kwa miezi. Shakespeare, alipoandika miaka ya 1590, akamshusha mpaka 13 na kuyabana yote ndani ya siku chache. Nasema alikusudia. Alitaka tumwone mtoto, na tuione haraka ya watu wazima waliomzunguka.

Sasa chukueni ile asubuhi ya Jumanne. Romeo ndiyo kwanza ametoka dirishani. Mama anaingia na kumwambia Juliet kwamba Alhamisi ataolewa na Paris, jamaa wa mtawala. Juliet anakataa. Baba anaingia, anasikia binti amekataa, anawaka. Anamwambia vidole vinamwasha. Anamwambia asipokwenda kanisani kwa miguu yake ataburutwa, na akiendelea kukataa basi akajinyonge, akaombe, akafe njaa barabarani, yeye hamtambui tena. Binti amepiga magoti akiomba asikilizwe neno moja. Hapewi. Baba akishatoka, Juliet anamgeukia mama, na mama anajibu kwamba asimsemeshe, afanye atakavyo, yeye amemalizana naye.

Anabaki Yaya. Huyu Yaya alikuwa na binti yake mwenyewe, Susan, wa rika moja na Juliet, akafa. Akamnyonyesha Juliet na kumlea. Anajua siri yote. Ndiye aliyekuwa akipeleka na kuleta maneno kati ya wapenzi hawa. Juliet anamwomba amfariji, na Yaya anamwambia aolewe tu na Paris, Romeo si lolote mbele yake. Anayasema hayo akijua kabisa kwamba mtoto ana mume.

Ni onyesho moja tu, na ndani yake mtoto wa miaka 13 amempoteza baba, mama na mlezi. Kuanzia hapo Juliet hamwambii mtu wa nyumbani kwake ukweli hata mara moja. Anakwenda kwa Padri na kisu mkononi. Mnaomshtaki Padri kwa ile dawa, kumbukeni kwamba alimpa mtu aliyekuwa tayari ameshika kisu. Mpango wake ulikuwa wa hatari, sikatai, na alikuwa na njia iliyonyooka zaidi: kwenda kwa Capulet na kusema, mzee, binti huyu nimeshamfungisha ndoa. Aliogopa. Lakini siku ile yeye peke yake ndiye aliyemkaribisha Juliet aketi na kusema.

Ninachomshtakia Padri mimi kiko kaburini. Amefika, Romeo amekwisha kufa, Juliet anaamka. Zinasikika sauti za walinzi. Padri anamwambia binti waondoke, atampeleka kwa watawa, yeye hathubutu kukaa zaidi, na Juliet anapokataa kutoka, anakimbia. Anamwacha mtoto peke yake gizani na maiti ya mumewe na jambia la mumewe. Hapo nikifika hasira hunipanda kila nisomapo. Angeshikwa na walinzi, basi angeshikwa. Baadaye alieleza yote mbele ya mtawala na kujitoa aadhibiwe kwa sheria, na hilo namhesabia. Lakini dakika zile alizohitajika hakuwepo.

Na barua? Ninyi mnaosema ni bahati, someni tena jinsi ilivyokwama. Padri John aliyetumwa Mantua alifungiwa na wakaguzi wa afya ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. London ya Shakespeare iliyajua hayo vizuri, majumba ya michezo yalikuwa yamefungwa kwa tauni kati ya 1592 na 1594. Nasi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa, maana mwaka 2023 Marburg ilipoingia Bukoba watu waliwekwa karantini, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa hiyo Padri John hana kosa.

Ila tazameni hesabu ya siku. Padri alipanga Juliet anywe dawa Jumatano usiku, kwa kuwa harusi ilikuwa Alhamisi. Juliet akarudi nyumbani, akajifanya amekubali, akaomba radhi. Mzee Capulet akafurahi mno, na kwa furaha hiyo akaiwahisha harusi kwa siku moja, ikawa Jumatano asubuhi. Ikabidi Juliet anywe Jumanne usiku. Dawa ilikuwa ya saa 42, haiongezeki wala haipungui. Siku nzima ya kutafuta njia nyingine ya kumfikishia Romeo habari ikapotea, na aliyeichukua ni baba, bila kumuuliza mtu. Hicho ndicho kielelezo changu cha kwanza mahakamani kwenu. Kiandikeni ubaoni watu wakione: harusi ya Alhamisi imefutwa, Jumatano imewekwa.

Romeo msimwachie bure. Kaburini aliona midomo na mashavu ya mkewe bado mekundu, akalisema hilo kwa kinywa chake, kisha akanywa sumu. Alikuwa kijana wa haraka tangu mwanzo. Lakini naye alifukuzwa mjini na mtawala Escalus, ambaye mwishoni anakiri kwamba aliufumbia macho ugomvi wa koo zile mpaka jamaa zake wawili wakafa.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni baba wa mabinti watatu, na mazoezi ya vijana hawa yanafanyika uani kwangu. Nimewasikia baadhi yao wakitaka baba ahukumiwe. Sioni haki. Baba hakujua kwamba binti ameshaolewa. Amemtafutia mume wa heshima, mwenye mali, jamaa wa mtawala. Mtoto ndiye aliyeficha. Mzazi afanye nini zaidi?*
*Baba, Igoma*

Ndugu yangu, nashukuru kwa barua, na ahsante kwa kuwapa vijana uwanja.

Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Capulet alimpenda binti yake. Alikwisha kuzika watoto wengine wote, huyu ndiye aliyebaki. Paris alipokuja kuposa mara ya kwanza, mzee alimwambia asubiri miaka miwili, tena aupate kwanza moyo wa binti, kwani ridhaa ya baba ni sehemu tu ya jambo. Mkewe alikuwa amemzaa Juliet akiwa na umri kama huohuo wa Juliet, na mzee anasema wanaoolewa mapema hivyo huharibika mapema. Baba anayesema hivyo ana akili.

Kisha Tybalt akauawa. Nyumba ina msiba, mzee anataka kuufuta kwa harusi, na yale aliyomwambia Paris yote yanasahaulika kwa usiku mmoja. Hakujua siri, ni kweli. Lakini kitu gani Juliet aliomba asubuhi ile? Hakuomba Romeo. Alimwomba mama yake aicheleweshe ndoa mwezi mmoja, au hata wiki. Kumpa mtoto wiki moja hakuhitaji kujua siri yake. Ingetosha kuona kwamba analia. Mashtaka yangu yote kwa wazazi wale ni hiyo wiki.

Nami sisemi haya kwa kusoma vitabu tu. Nilipokuwa nikifundisha Magu, binti wa kidato cha pili alibisha hodi kwangu jioni na begi lake la shule. Ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa. Baba alikuwa amemwambia akikataa atafute baba mwingine, na mama alikuwa kimya. Binti yule alikuwa na shangazi anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Shangazi alipopata habari akapanda gari asubuhi yake, akafika kwa kaka yake, akaketi uani na kusema mtoto haendi popote mpaka amalize shule. Walibishana mchana kutwa. Kaka akatishia, shangazi hakuinuka. Ng'ombe wakarudi walikotoka. Yule binti leo ana watoto wake wanaosoma. Yaya wa Juliet alikuwa na nafasi ileile ya shangazi, na angeweza kuketi vilevile.

Sheria pia imetembea. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa awe na 18, na mahakama iliweza kutoa kibali kwa aliyetimiza 14. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikalithibitisha hilo. Juliet wa miaka 13 hata sheria ile ya 1971 isingemruhusu.

*Mwalimu, nina duka la dawa Sengerema. Mbona hamumtaji aliyeuza sumu?*
*Muuza dawa*

Kwa sababu ametajwa vya kutosha na kila mwenye nguvu. Yule muuza dawa wa Mantua ana njaa, nguo zimechakaa, na anajua kwamba sheria ya mji inamhukumu kifo anayeuza sumu. Romeo anamwekea dukati 40, sarafu za dhahabu. Anapokea, akisema umaskini wake ndio unaokubali, si nia yake. Alikosa, na wewe mwenye leseni unajua kwa nini kuna dawa zisizotolewa bila cheti cha daktari. Lakini kwa Brooke, yule muuza dawa ndiye anayenyongwa, na Yaya anafukuzwa mji. Wenye koo wanapeana mikono. Shakespeare hakuifuata hukumu hiyo. Mtawala wake anasema tu kwamba wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, na hataji jina. Vijana wa Igoma, mahakama yenu ikimnyonga muuza dawa na kumwacha Capulet aende zake akasimamishe sanamu ya dhahabu ya Romeo, kama anavyoahidi mwishoni, nitasikitika sana.

*Mwalimu, ninayecheza Juliet ni mimi. Nina miaka 16. Nikifika mwisho nashindwa, nalia kweli. Nifanyeje?*
*Juliet wa Igoma*

Mwanangu, nguvu zako ziweke kwenye asubuhi ya Jumanne. Yule anayecheza baba akuache umepiga magoti muda mrefu kuliko watazamaji wanavyoweza kuvumilia. Yaya akishatoa ushauri wake, usimjibu upesi, mtazame kwanza. Anayejua kutazama ataona pale pale kwamba umeshabaki peke yako.

Mwisho ufupishwe. Jambia lisionekane likiinuliwa, taa izimwe kabla. Hakuna haja ya mtoto aliye mstari wa mbele kufundishwa namna. Na katibu, kabla mahakama haijafunguliwa simameni mtangaze kwamba namba 116 ni ya bure, ni simu ya kumsaidia mtoto, na kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwalikeni afisa ustawi wa jamii wa kata aketi ukumbini, abaki baada ya watu kutoka, kwa yeyote atakayetaka kuzungumza.

Wewe nawe, hicho kilio kinachokuja mazoezini, usikibebe mwenyewe. Mwambie mama, au shangazi, au yule baba mwenye uwanja, maana nimeona kwenye barua yake kwamba ni mtu wa kuuliza. Ukikosa wote, anwani ya gazeti ni hii hii na barua zako nitazijibu kabla ya zingine.