Likizo ya Juni: mbigili, mbio na safari ya Kolo

Shule zinafunga, upepo wa Dodoma umeshaanza kuvuma, na barua nyingi za mwezi huu zinasema jambo moja: watoto wako nyumbani na ndani hawakai. Tumejibu sita. Zile za ada tumeziweka kando, zitapata nafasi yake.

Mbukwenyi! Nina kijana wa miaka tisa na binti wa miaka saba. Tangu Aprili nimenunua mipira mitatu, wa mwisho haukumaliza hata wiki. Wanachezea kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, kina mchanga na mbigili. Kuna mpira usiotoboka? Na huyu binti anataka kuchezea pete mpira huohuo. – Mama wa wawili, Nkuhungu

Mama, usinunue wa nne kabla hujasafisha kiwanja. Mbigili ikikauka, tunda lake hupasuka vipande vitano, kila kipande na miiba miwili mikubwa. Kikianguka vyovyote vile, upo mwiba unaotazama juu. Hakuna mpira wa dukani unaohimili hilo.

Msilime wala kuchimbua. Jembe linazifukia mbegu, nazo hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Chukueni blanketi chakavu au gunia la katani, wekeni tofali mbili juu yake, mlifunge kamba na kuliburuta uwanja mzima kwa mistari, kwenda na kurudi. Miiba inajishika kwenye nyuzi. Geuzeni upande wa pili, rudieni kwa kukatisha, kisha lichomeni gunia lenyewe. Kwa uwanja wa watoto, hatua 40 kwa 25, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Mvua za Desemba zikianza, ing'oeni mimea michanga na mizizi yake kabla haijatoa maua ya njano.

Sasa mpira wenyewe. Mtoto wa miaka tisa apewe namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Wengi hununua namba 5 ili "akue nao", na hapo ndipo anapojifunza kupiga kwa ncha ya kidole, kwa sababu mguu wake hausukumi gramu 450. Aliye chini ya miaka minane anatosha na namba 3. Chagua ulioshonwa kwa uzi unaoonekana. Ule uliogandishwa kwa gundi unapendeza, lakini ukitoboka fundi hana pa kuufungulia.

Kabla ya kusema umetoboka, uzamishe kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka kwenye vali, si mbigili, ni sindano ya pampu iliyoingizwa kavu ikachana mpira wa vali. Lowesha sindano kwa gliserini au hata mate. Mafuta ya kula usitumie, yanaozesha mpira wa ndani. Mapovu yakitoka kwenye mshono au katikati ya kipande, peleka kwa fundi viatu. Atafungua nyuzi sita au saba, atavuta blada, atakwaruza kwa msasa, atapaka solusheni na kungoja kama dakika tano mpaka isiwe inang'aa, ndipo abandike kiraka kama cha tyubu ya baiskeli. Anayebandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kinavuka siku mbili tu. Kabla hajashona, mwambie atie upepo kidogo auzamishe tena. Mwiba mmoja mara nyingi huacha matundu mawili.

Upepo: uachie mpira kutoka usawa wa kichwa chako kwenye sakafu ya saruji. Ukirudi kati ya kiuno na kifua, umetosha. Asubuhi ya Juni utakuta umelegea kidogo kwa sababu ya baridi. Usikimbilie pampu, maana ukijazwa alfajiri na kuachwa juani saa saba mchana mshono unaachia.

Binti apate wake. Mpira wa pete ni wa kudaka, una ngozi ya mpira yenye vipele vya kushika, na ukipigwa mateke vipele hivyo vinaisha. Kwa umri wake ni namba 4. Ringi ya kawaida ina urefu wa mita 3.05, kwake fungeni ya mita 2.4 hivi, la sivyo atajifunza kurusha kwa nguvu za mgongo badala ya mkono.

Salaam. Kijana wangu ana miaka 12, yuko darasa la saba. Tangu Simbu wa Singida achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, kila alfajiri anakimbia kilomita nane, tisa. Sasa analalamika kisigino. Mama yake anataka aache mpaka amalize mtihani wa Septemba. Nani yuko sahihi? – Baba, Chamwino

Mama yuko sahihi kuhusu kisigino, wewe uko sahihi kuhusu mbio. Alphonce Simbu aliposhinda Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, alikuwa na miaka 33. Kijana wako ana miaka zaidi ya ishirini mbele yake. Haraka ya nini?

Katika umri wa miaka 9 hadi 14 mfupa wa kisigino bado una sehemu laini ya kukulia, na mshipa mkubwa wa nyuma ya mguu umejishika hapohapo. Anaporefuka ghafla mshipa unabana, na kila hatua unavuta ile sehemu laini. Mbonyeze kisigino kutoka pande zote mbili kwa kiganja. Akishtuka, ndiyo yenyewe. Maumivu ya chini kidogo ya goti yana asili hiyohiyo. Apumzike wiki mbili bila kukimbia wala kuruka kamba, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 jioni, na anyooshe misuli ya nyuma ya mguu akiegemea ukuta, sekunde 30 mara tatu kila mguu. Akichechemea hata akitembea, au kisigino kimevimba, mpelekeni hospitali.

Akipona, siku tatu kwa wiki zinamtosha. Siku moja akimbie polepole dakika 20 huku anaweza kuongea sentensi nzima. Siku nyingine akimbie mita 60 kwenye kimwinuko kidogo, mara sita, akishuka kwa kutembea. Ya tatu acheze mpira na wenzake, hiyo nayo ni mazoezi. Mbio za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ni fupi na za kati, kwa hiyo kasi anayojenga leo itamfaa kuliko hizo kilomita tisa. Na aondoke barabarani, akimbilie njia ya vumbi. Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Raba za kaka yake zilizolika kisigino upande mmoja zitaurudisha ugonjwa.

Kuhusu mtihani, kumnyima mbio hakumwongezei hesabu. Asome saa mbili hadi saa nne asubuhi, akili ikiwa bado na nafasi. Afanye karatasi ya zamani moja kwa muda wake kamili, kisha kesho yake asifanye nyingine: akae na yale aliyokosa tu, ayaandike upya kwenye daftari la pembeni. Karatasi kumi zilizosahihishwa na kutupwa hazina faida ya mbili zilizochambuliwa. Alale saa tatu usiku. Akikimbia, iwe saa kumi na moja jioni.

Binti yangu wa miaka minane anatokwa damu puani kila akitoka mazoezini. Bibi yake anamlaza chali na kummwagia maji kichwani. Ni sawa? – Dada wa Ipagala

Shikamoo ya bibi ibaki palepale, ila asimlaze. Akilala chali damu inashuka kooni, anaimeza, anatapika, na hamjui imetoka kiasi gani. Mketishe, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 za saa kamili bila kuachia kuchungulia. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaachia kila dakika moja, na damu iliyoanza kuganda inang'oka.

Kisa ni upepo mkavu na vumbi la Juni na Julai, ngozi ya ndani ya pua inapasuka. Mpake mafuta mazito mgando, kiasi cha punje ya mchele kila tundu, asubuhi na kabla ya kulala, na umkate kucha. Ikizidi dakika 30, au akianguka kwanza ndipo ikatoka, au ana madoa ya damu kwenye ngozi, ni hospitali.

Tunataka kuwapeleka watoto watatu, miaka 6, 9 na 12, kuona michoro ya miambani ya Kondoa kwa gari letu, kwenda na kurudi siku moja. Inawezekana? – Familia, Kisasa

Inawezekana, mkiamka. Ofisi ya Mambo ya Kale iko kijijini Kolo, kando ya barabara ya lami iendayo Babati, kilomita kama 180 kutoka mjini. Vijiji ni vingi, mwendo kwenye makazi ni 50 na tochi za trafiki hazilali, kwa hiyo pangeni saa tatu hadi tatu na nusu. Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkifika kabla ya saa tatu na nusu mtapanda mlima kabla jua halijawaka.

Anzeni ofisini, si mlimani. Pale mnalipa kiingilio na kupewa mwongoza wageni, na bila yeye hamuoni kitu: michoro imetawanyika kwenye vivuli vya miamba zaidi ya 150 katika eneo lote lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa watoto wenu, eneo la Mongomi wa Kolo linatosha. Njia ya mwisho ni ya miguu na inapanda kwa mwinuko mkali. Wa miaka sita ataipanda akishikwa mkono, ila si kwa ndala. Wengine hapo bado wanafanyia matambiko, basi mkikuta vitu vimewekwa chini ya mwamba, msiviguse.

Waambieni mapema watakachokiona, wasije wakatarajia picha za kalenda. Ni watu wembamba warefu wa rangi nyekundu iliyofifia, twiga, pofu, na juu yake mara nyingine michoro myeupe ya baadaye, minene, isiyo na ustadi ule. Macho yanahitaji dakika mbili tatu kuzoea. Mpe kila mtoto daftari na penseli achore umbo moja alilolipenda. Atalitazama kwa makini kuliko akipiga picha ishirini. Kuna tabia mbaya ya kumwagia maji michoro ili ing'ae. Maji yanaleta chumvi ya mwamba juu, ikikauka inaacha utando mweupe na rangi inabanduka. Jasho la viganja nalo linaharibu.

Chakula: msibebe wali. Ukikaa ndani ya gari lenye joto tangu alfajiri, saa saba umeshachacha. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi vitamu, ndizi na karanga. Maji ni lita moja kwa mtoto na moja na nusu kwa mkubwa wakati wa kupanda, na dumu la lita tano libaki garini.

Anayetapika safarini akae kiti cha katikati nyuma ambapo anaona barabara mbele, asipewe simu, na asinywe chai ya maziwa kabla ya kuondoka. Sikio linamwambia anaenda, jicho lililo kwenye simu linamwambia ametulia, ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, basi wekeni kopo tupu la rangi lenye mfuniko. Linafaa kuliko mfuko.

Saa nane muwe barabarani kurudi. Usiku njia ile ina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa.

Watoto wa shangazi yao wanaogelea Hombolo. Wa kwangu nao wanaomba. – Baba wa wanne, Makulu

Waende wapande mtumbwi, waone wavuvi, wale samaki. Kuogelea, hapana. Maji ya bwawa yaliyotulia, yenye majani kandokando na konokono, ndiyo makao ya kichocho. Vijidudu vyake vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Damu kwenye mkojo inaweza kuja wiki nyingi baadaye, wakati kila mtu ameshasahau safari. Hao waliokwisha kuingia wapimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea. Dawa ipo na inaponya. Bwawa la Mtera ni kukataa mara mbili: kichocho, na kuna mamba na viboko.

Mahafali ya darasa la saba yakija, picha za simu huwa zinatoka joho tu, uso mweusi. Tufanyeje? – Mama, Kongwa

Jua la Septemba saa sita mchana huku kwetu liko utosini, kofia ya joho inatupa kivuli machoni, na simu inapima mwanga wa uwanja mweupe badala ya uso. Chini ya turubai msipigie: la bluu linawafanya watoto kama wagonjwa, jekundu kama wamelia.

Piga kabla sherehe haijaanza, shada na keki havijamfikia. Msogeze kwenye ukingo wa kivuli cha mwarobaini, yeye ndani ya kivuli, akitazama nje palipo wazi. Kofia irudi nyuma vidole viwili. Futa kioo cha kamera kwa ncha ya kitenge safi, maana vumbi la humu ndilo ukungu mnaoulaumu. Simama mita mbili, shusha simu mpaka usawa wa kifua chake, gusa uso wake kwenye kioo, kisha sogeza alama ya mwanga juu kidogo. Cheti akishike chini ya kidevu, si mbele ya uso, na kikirudi nyumbani kiingie kwenye faili gumu. Msikipeleke kwa wenye mashine za kukigandisha plastiki, siku mtakapotaka kigongwe muhuri hapatakuwa na pa kuugonga.