Mtoto njiti, kipimo kilichosoma juu na saratani ya ini

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu alizaliwa wiki ya 29 na gramu 1,150. Sasa ana miezi mitatu na ananyonya vizuri. Niliposoma kwamba njiti hupata saratani ya ini, nikampima damu. Alfa-fetoproteini, ile protini ya ini inayopimwa kutafuta saratani hiyo, imesoma 2,400, na karatasi inasema mwisho ni 10. Je, chanzo ni ile taa ya kutibu manjano aliyowekwa wodini? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na karatasi, maana naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Hiyo 10 ni ya watu wazima. Ini la mtoto aliye tumboni hutengeneza protini hii kwa wingi. Hata aliyetimiza miezi tisa huzaliwa nayo kwa makumi ya maelfu, njiti zaidi, kisha hushuka hadi kiwango cha mtu mzima karibu na kutimiza mwaka. Na wako, ukihesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, ana wiki mbili tu. Basi 2,400 peke yake haisemi saratani. Rudia baada ya wiki nne, maabara ileile. Ikishuka, vizuri. Ikipanda au ikigoma, apigwe ultrasound ya tumbo bila kuchelewa.

Ulichosoma si uzushi. Saratani hiyo huitwa hepatoblastoma, na watafiti wa Japani waliihusisha na njiti wadogo sana miaka ya 1990. Tafiti za Marekani nazo zikaona hivyo. Kwa waliozaliwa chini ya gramu 1,500, baadhi ya tafiti zinataja hatari mara 20. Lakini mara 20 ya nini? Kwa mwaka, huwapata mtoto mmoja au wawili katika kila milioni moja. Njiti walio wengi mno hawaipati kamwe.

Taa usiilaumu. Wengine wameshuku oksijeni, dawa, hata lishe ya mishipani; hakuna kilichothibitishwa. Manjano makali yasiyotibiwa, hayo ndiyo huharibu ubongo.

Mimi hushtuka zaidi nikiona ulimi mkubwa usioenea mdomoni, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, au nikisikia ukoo una watu wenye vinyama vingi kwenye utumbo mpana. Hayo hutokana na hitilafu za kurithi au za kuzaliwa nazo zinazoongeza hatari ya saratani hii, na watoto wa aina hiyo mara nyingi tunawapiga ultrasound kila baada ya miezi mitatu. Ukiona lolote kati ya hayo, au ukimwogesha ukagusa uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia, usingoje tarehe ya kliniki.